Mbawakawa wa Kijani wa Mumosho

Maman alipenda kuwaambia wageni kwamba mumewe alimposa kwa mdudu. Alisema hivyo kila alipopata sikio jipya sebuleni, akimimina chai ya maziwa, huku mzee akijifanya hasikii. Mzee huyo alikuwa profesa wangu wa wadudu hapa Bukavu. Nilifanya kazi naye tangu nikiwa msichana wa chuo kikuu mwenye viatu vya kuazima hadi alipostaafu, nikabaki mimi na funguo za chumba chake cha makusanyo. Majina yao siyaandiki. Mji wetu umebanana kwenye vilima kando ya ziwa, na maneno hapa hutembea haraka kuliko pikipiki.

Habari ya posa ilikuwa hivi. Siku wazee wa upande wa bwana walipokwenda kuzungumza habari za ng'ombe, kijana mwenyewe alitoa mfukoni kisanduku kidogo cha hereni, akamkabidhi binti mbele ya wajomba. Ndani hamkuwa na hereni. Mlikuwa na mbawakawa aliyechomwa pini, wa kijani kama jani la mgomba lililotoka kunyeshewa. Wajomba wakauliza kama kule kwao ng'ombe wamekwisha.

"Baba yangu mudogo alisema, huyu ni mulozi ao ni mujinga," maman alikuwa akisimulia. "Mi nikasema mu roho yangu: tutaona."

Wakaona. Ng'ombe walitolewa, ndoa ikafungwa kanisani, na watoto hawakuja.

Kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto wake. Ni mama wa fulani, na siku akifa, yule fulani yupo wa kulitaja jina lake na kulirithisha. Yeye aliitwa maman tu, kwa heshima, na heshima ile ilikuwa na tundu katikati. Mashangazi wa mzee walianza kuja kila Jumapili baada ya misa kumnong'oneza habari za mke wa pili. Mzee akawavumilia, akawavumilia, mwisho akawakalisha sebuleni na kuwaambia kwamba yeye na mkewe wanacho cha kuacha duniani. Yule mbawakawa wa kijani aliyemwokota yeye huko Mumosho, nje ya mji, hajatajwa na kitabu chochote. Siku atakapompata dume wake, atamwandika yeye mwenyewe kwa mara ya kwanza na kumpa jina la mkewe, kwa Kilatini, na hakuna mtu atakayeweza kulifuta. Mashangazi waliondoka wakitikisa vichwa. Maman aliamini. Sisemi kwa kumcheka. Aliamini kama mtu anavyoamini kiapo cha altareni.

Kwa nini dume? Hilo ndilo swali ambalo wanafunzi wote huuliza, na jibu lake huwafanya wacheke. Mbawakawa wala majani ni ukoo mkubwa na wenye kuudhi. Wapo wa kahawia, wa kijani, wa manjano yenye madoa, na rangi hiyo inadanganya. Ukubwa unadanganya pia, kwa sababu yule aliyekula vizuri akiwa buu huwa mnene. Unaweza kuhesabu miiba ya miguuni, ukapima ukingo wa uso, ukatazama kucha chini ya darubini mpaka shingo ikauma, na bado ukabaki na watatu mezani usiowajua kama ni ndugu au ni majirani. Kisichodanganya ni kiungo cha uzazi cha dume. Ni kitu kidogo kigumu, kidogo kuliko punje ya ulezi. Unamlainisha mdudu kwa maji ya moto, unakivuta taratibu kwa sindano iliyopindwa ncha, kisha unakigundisha kwenye kikaratasi chini ya mdudu mwenyewe. Kila aina ina umbo lake, na aina mbili hazishiriki umbo moja.

"Mucheke mumalize," mzee alikuwa akituambia darasani, "halafu muangalie."

Kwa hiyo jike peke yake ni kufuli bila ufunguo. Unamwona ni mzuri, unamwona hafanani na wengine, lakini huwezi kuthibitisha lolote. Na wa kijani wa Mumosho wote walikuwa majike.

Wote kabisa. Nilipoanza kazi, nilimkuta mzee na visanduku vyao vimepangwa ukutani karibu na mlango, na kila msimu wa mvua tukaongeza wengine. Tulikuwa tunakwenda Mumosho asubuhi, tunapita kwenye mipera na mashamba ya maharage juu ya mto Ruzizi, tukiwaokota kwa mkono juu ya majani, wamekaa wanatafuna kwa adabu kama wageni wa harusi. Tukirudi chumbani tunawafungua mmoja mmoja. Jike. Jike. Jike. Wanafunzi walikuwa na utani wao: dume wa Mumosho amekwenda Kamituga kuchimba dhahabu, kama waume wengine, na mkewe anamngoja. Mzee hakuukasirikia. Alisema tu kwamba dume huyo lazima anakaa juu sana mitini, au anaruka saa ambayo sisi hatupo.

Hapo alikuwa karibu sana na ukweli. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ninapokumbuka.

Upande wa pili wa chumba, chini ya dirisha, kulikuwa na visanduku vya wale wa kahawia. Hao walitoka mahali paitwapo Miti, kwenye kituo cha utafiti alikofanya kazi ujanani, na tulikuwa tukirudi huko mara kwa mara. Kule kulikuwa na umeme. Jioni tunatundika shuka jeupe, tunawasha taa mbele yake, na baada ya muda shuka linajaa. Wa kahawia walikuja kwa wingi mpaka wakatuingia kwenye nywele. Walikuwa wadogo kuliko wale wa kijani, wenye vinyweleo kifuani na kucha ndefu, na walikuwa madume. Hilo halikumshangaza mtu, maana kila anayekusanya wadudu anajua kwamba taa huita madume. Jina lao lilijulikana zamani. Mzungu mmoja wa wakati wa ukoloni alikuwa ameshawaandika. Tuliwachoma pini kwa mazoea tu, mchana kutwa, ndani ya nyumba. Huko Miti hatukuwahi kuzunguka mashambani mchana kutazama majani. Mchana ulikuwa wa pini.

Mumosho nako hatukuwahi kuwasha taa. Tungewasha nini? Hilo ni jambo la kumchekesha mtu mwenye uchungu: mitambo ya umeme iko palepale chini kwenye mto, nyaya zinapita juu ya mapaa ya watu kwenda mijini, na chini ya nyaya hizo familia zinakula gizani. Na barabara ile haikuwa barabara ya kukutwa na usiku. Mzee alitaka tuwe tumefika mjini jua likiwa bado liko juu ya ziwa, na mimi, mwoga wa kuzaliwa, sikubishana naye hata siku moja.

Tukifika kwake, maman anatuletea beseni la maji tunawe mikono. Anauliza swali moja, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama mvua imenyesha.

"Mumemuona?"

"Bado, maman."

"Basi mukule kwanza."

Sijui tulisema "bado" mara ngapi. Uso wake haukubadilika hata mara moja, na kwa muda mrefu nilidhani hiyo ni subira. Siku hizi nadhani ilikuwa kazi ngumu aliyoifanya mbele yetu kila safari, nasi tukaendelea kula.

Kisha macho ya mzee yakaanza kumwacha. Lilianza jicho la kushoto, halafu la kulia likafuata. Alikuwa akiinama juu ya darubini kwa mazoea huku haoni kitu, na mimi namwelezea kilicho chini ya kioo: ukingo wa uso umenyooka, mwiba wa pili mfupi, kifua laini. Alipostaafu alinikabidhi funguo bila hotuba. Akasema tu nisiache mlango wazi wakati wa mvua.

Ni mimi niliyeleta habari za DNA katika nyumba ile. Nilisoma na mwenzangu mmoja ambaye sasa anafanya kazi katika maabara huko Ulaya, naye akaniambia kwamba siku hizi mdudu anaweza kusomwa kwa mguu mmoja tu. Wanachukua kipande kimoja kifupi cha urithi wake, kilekile kwa kila mnyama, wanakisoma herufi kwa herufi, na kwa kawaida kila aina inakuwa na mpangilio wake. Wanaita code-barres, kama mistari ile iliyo nyuma ya pakiti ya sabuni. Dume au jike, hakuna tofauti.

Mzee hakuipenda. "Mutu anajulikana na uso yake," alisema, "si na mukojo yake ku laboratoire." Lakini hakuwa na njia nyingine iliyobaki, na alijua. Maman alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sahani mkononi.

"Hiyo mashini inaweza kumujua bila bwana yake?"

"Inaweza, maman."

"Basi mumupeleke."

Nilikuwa na furaha siku ile. Nilitelemka kwa mguu mpaka Nyawera nikiimba wimbo wa kwaya, na watu wakanitazama.

Tuliituma miguu ya wa kijani kutoka visanduku vya ukutani, na maabara haikupata kitu. Tukatuma mingine, vilevile. Mwenzangu akaniuliza kama kuna dawa tuliyotumia kuwahifadhi, na nilipokuwa naandika jibu ndipo nilipoelewa. Bukavu kunanyesha. Asiyeishi hapa hajui ukungu ni nini. Viatu vinaota ndevu ndani ya kabati. Mzee alikuwa amepoteza kazi ya miaka kwa ukungu akiwa kijana, na tangu hapo kila msimu wa mvua aliweka pamba yenye formol, dawa ya kuzuia maiti isioze, kwenye pembe ya kila kisanduku. Alikuwa akiipata kwa rafiki yake mmoja aliyehudumu chumba cha maiti. Ukungu haukugusa tena hata kinyweleo kimoja. Lakini mvuke uleule uliowalinda ulikuwa umeifunga DNA yao kama saruji. Tulikuwa na ukuta mzima wa wadudu wazuri, wasioweza kusema neno.

Nikasema, si kitu, nitaokota mpya. Nikaenda Mumosho. Mipera ile ilikuwa imegeuka makaa, na mteremko ule ulikuwa na nyumba mpya na mihogo. Nikawauliza wanawake waliokuwa wakipalilia, mmoja akanitazama kwa huruma. "Bale ba kijani? Bale balikuwa ba zamani, maman." Nikapanga kurudi na kupanda juu zaidi. Halafu ikaja ile miezi ya vita ambayo kila mtu wa Bukavu anaijua bila kusimuliwa, uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa, njia zikawa na watu tusiowajua, na mtu mwenye akili hakutoka nyumbani kwenda kutafuta wadudu.

Alikuwa amebaki mmoja tu ambaye hakuwahi kunusa formol. Sote watatu tulimjua. Mzee hakumtaja, wala mimi. Ni maman mwenyewe aliyefungua kabati la vyombo siku moja baada ya chakula, akaweka kisanduku cha hereni mezani mbele yangu.

"Huyu sikumupatia ile dawa yenu," alisema. "Nilikatala. Sitaki harufu ya bafu mu kabati yangu."

Bafu, kwetu, ndio wafu.

Rangi yake haikuwa imepungua. Nilimtoa nikamweka kwenye kisosi cheupe, nikachukua kibano. Maman akaniuliza kama ataumia.

"Huyu hasikie kitu, maman."

"Ni weye njo hausikie. Toa ya nyuma, juu ya asionekane mubaya."

Nikauvunja mguu wa nyuma kwenye kiungo. Ulitoa sauti ndogo sana, na yeye akageuka kutazama dirishani. Nikautia mguu kwenye kichupa cha pombe safi. Maabara walitaka pia jirani wa kumlinganisha naye, basi nikachukua na miguu ya wa kahawia wachache waliokamatwa karibuni Miti, wanaotunzwa kwenye pombe. Niliwachukua hao wa kahawia kwa sababu walikuwa karibu na mkono wangu. Vichupa vikavuka mpaka wa Ruzizi ndani ya mkoba wa mtawa mmoja aliyekuwa akisafiri.

Majuma ya kungoja yalikuwa mazuri, na afadhali yangekuwa mabaya. Mzee alichangamka. Alikuwa akinifundisha jinsi ya kulimalizia jina la mwanamke kwa Kilatini, kana kwamba sikuwahi kukaa darasani kwake, na maman, akichambua maharage, alilirudia kwa sauti ya chini mpaka likamkaa mdomoni. Alilitamka kwa lafudhi ya Kishi, lugha ya kwao, na likapendeza zaidi. Siku moja aliniuliza litaandikwa wapi. Nikamwambia kwenye majarida, kwenye makumbusho, kwenye kila orodha ya mbawakawa duniani. Akauliza kama litabaki hata sisi tukifa. Nikasema litabaki.

Majibu yalinikuta sokoni Nyawera nachagua nyanya. Mwenzangu aliandika kwa kifupi: wa kijani na wa kahawia ni aina moja, herufi zao karibu zote ni zilezile, je, nina hakika sikuchanganya vichupa?

Nilikuwa na hakika. Nilijiambia labda maabara wamekosea. Kisha, nikiwa bado nimeshika nyanya, nikawaza: wa kahawia, madume. Wa kijani, majike. Wa kahawia, kwenye taa. Wa kijani, kwenye majani, mchana. Palipokuwa na umeme tulipata waume, na pasipokuwa na umeme tukapata wake. Mama muuza nyanya aliniuliza kama ninaumwa, akanisogezea gunia nikae.

Unaweza kusema tungeshtuka mapema. Wapo waliosema hivyo, hasa vijana, na mimi huwajibu kwa ukali kuliko inavyofaa. Ni rahisi kuiona taa baada ya kuwashwa. Tuliishi katika nchi ambayo umeme unapita juu ya kichwa cha mtu bila kumsalimia, na tulizoea hivyo kiasi kwamba hatukuona kuwa nyaya zile zilikuwa zinatuchagulia wadudu wa kuona na wa kutoona.

Sikwenda kwao siku hiyo, wala kesho yake. Nilijipa sababu ya kisayansi. Nilimpigia simu muuguzi mmoja wa Mumosho mwenye taa ya jua, nikamwomba aiwashe mbele ya shuka jeupe na kunitumia chochote kitakachokuja. Nilikuwa nikiomba kisije kitu. Alinitumia chupa ya jamu iliyojaa wa kahawia. Nikamfungua wa kwanza, nikavuta kile kiungo, nikakitazama. Lilikuwa umbo lilelile la Miti. Dume wa Mumosho hakwenda Kamituga wala popote. Alikuwa pale muda wote, anatoka gizani, wakati sisi tunanawa mikono mjini.

Nikaenda Jumapili, baada ya misa. Maman alikuwa amekaanga sambaza, dagaa wa ziwa letu, na kusonga bugali, na kitambaa cha meza kilikuwa kile cha Noeli. Aliponiona usoni aliketi kabla sijamwambia aketi.

Nilimweleza mzee kwanza, kwa Kifaransa, kwa woga. Hakuniacha nimalize.

"Ule wa Miti," akasema.

"Ndiyo, Papa."

"Wa ku dirisha."

"Ndiyo."

Macho yake yalikuwa wazi, yameelekea mahali penye mwanga.

"Hatukuwasha taa kule," akasema.

"Hatukuwasha, Papa."

Maman alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Mubaki munasema bya taa," alisema. "Na jina?"

Nikamwambia kwamba jina lipo tayari. Kwamba mdudu huyu alishapewa jina zamani, na mzungu fulani, kabla hata yeye hajazaliwa, kwa sababu aliandikwa kwa dume wake wa kahawia. Kanuni ni kwamba jina la kwanza ndilo linalobaki. Hapana nafasi ya jina lingine.

Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Nimelisema hilo mbele ya wanafunzi wengi. Siku ile, nikimtazama maman anavyokunjua na kukunja pembe ya kitambaa, niliona ningetoa kila kitu kuurudisha usiku ule. Ningeendelea kusema "bado, maman", naye angesema "mukule kwanza", na wangezeeka hivyo wote wawili, na ahadi ikiwa nzima kabatini. Ninajuta kwamba tulijua. Mtu wa kazi yangu hapaswi kusema hivi, na nasema.

Maman akauliza, polepole, "Kwa hiyo ule wa rangi ya udongo, iko bwana yake?"

"Ndiyo, maman."

"Wa huyu yangu."

"Ndiyo."

Akamgeukia mumewe. Hakupaza sauti. "Na weye ulibaweka mu boîte mbalimbali. Mumoja ku dirisha, mwingine ku mulango. Miaka yote hii."

"Sikujua, Maman."

"Sisemi ulijua."

Akacheka kidogo, kicheko kifupi cha puani, kisha kikaisha. Mzee alinyoosha mkono juu ya meza kuutafuta wa mkewe, akagonga bakuli la sambaza, akaendelea kutafuta. Maman aliutazama mkono ule ukipapasa. Aliuacha uhangaike kitambo, halafu akausogezea wake.

Tulikula. Chakula cha Jumapili hakiachwi. Nilipoinuka kwenda, maman alifungua kabati la vyombo, akatoa kisanduku cha hereni na kunitia mkononi.

"Umupeleke kwa bwana yake."

"Maman, hapana. Huyu ni wako. Ni wa uchumba yenu."

"Haiko yangu," alisema. "Iko na bwana yake. Mi nilimuweka tu."

Nikamtazama mzee ili aseme kitu. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Nimewaweka pamoja chini ya dirisha, wa kijani mwenye miguu mitano na wa kahawia mmoja wa Miti, katika kisanduku kisicho na formol. Nimeandika vikaratasi vyao kwa mkono wangu, maana sheria ni sheria. Cha wa kijani kinasema: aina, kwa jina alilotoa yule mzungu, mahali, Mumosho, namna alivyopatikana, kwa mkono, juu ya mpera, aliyemwokota, jina la mzee. Nafasi inayobaki kwenye kikaratasi ni ndogo sana. Niliitazama kwa muda nikiwa na kalamu mkononi na jina la maman kichwani, kisha nikaandika kinachotakiwa kuandikwa pale: jike.